Usiitoe Nyumba ya Gongoni kwa Mashine za Hilali

Dubai,
Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu Nassoro,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, na marahaba yangu ni ya dhati, ingawa ukifika katikati ya barua hii huenda ukatamani kuirudisha shikamoo yako mfukoni. Mimi mzima. Joto limeanza kupanda na koo langu limekauka kwa vumbi la ghalani, lakini nakula na natembea. Nyie je? Dada yetu Zuena homa imemwachia, au anajikaza tu ili asiwatie hofu? Mahindi ya uani yameshika? Na wanawe wanakwenda shule, au bado mnawatuma kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri? Hili la mwisho nijibu bila mzaha.

Barua yako aliileta binamu yetu Hilali aliporudi kutoka huko. Ilikuwa imefungwa vizuri, lakini alinitazama kama mpishi anavyomtazama mtu anayeonja mchuzi wake. Sikumpa raha hiyo. Niliitia mfukoni, nikaisoma peke yangu juu ya masanduku, na nilipomaliza nikaanza tena mwanzo.

Nirudie uliyoandika, usije ukasema sikukuelewa. Rafu za duka la Baba zimebaki na viberiti, chumvi na zile kufuli ambazo hakuna anayezinunua. Hilali alikuja na televisheni moja na mashine moja ya michezo, akaziwasha kwa jenereta katika chumba cha mbele, na mtaa mzima wa Gongoni ukajaa dirishani. Watu wazima wenye ndevu wakagombania kishikio ili wasukume kijiti kipige nukta kwenye kioo. Hata mwalimu mkuu alirudi mara ya pili, bila kofia yake ili asitambulike. Nilicheka, Nassoro, sikufichi. Halafu nikafika kwenye mpango wenyewe. Hilali atakuletea shehena nzima ya mashine hizo. Utafungua ukumbi Tabora, nyingine utazipeleka Urambo wakulima wakiuza tumbaku, nyingine zitapanda treni mpaka Kigoma. Na kwa kuwa shilingi zetu hakuna anayezitaka huku, utamlipa kwa nyumba. Nyumba ya Gongoni, anamolala Zuena na wanawe, aliyotuachia Baba sisi watatu.

Mwisho umeandika: "Kaka, hii si mali ya kubahatisha. Mashine hii imeuzwa miaka mingi dunia nzima na bado inauzwa. Nangoja neno lako tu."

Neno langu ni hapana. Sasa nipe nafasi nikueleze, maana wewe si mtu wa kuamrishwa na mimi si mtu wa kunyamaza.

Kosa lako liko katika sentensi hiyo moja, na hukulitunga wewe, ulilirithi dukani. Baba hakuwahi kuweka kitu kwenye rafu mpaka kimezeeka kwenye rafu za wengine. Unamkumbuka yule mchuuzi aliyekuja na taa ya aina mpya, ikiwaka kwa kubonyezwa? Baba alimnywesha kahawa, akamsifia viatu, kisha akamwambia, "Rudi nayo ikizeeka." Aliuza karabai ileile, cherehani ileile ya miguu, baiskeli ileile nyeusi, tangu tukiwa wadogo mpaka tukawa na ndevu. Na hakukosea. Mtu aliyenunua baiskeli kabla ya uhuru akivunja pedeli leo, pedeli iliyoshushwa jana stesheni inaingia palepale. Kwa mkulima anayepakia magunia ya karanga kutoka Sikonge, uzee wa mali ndiyo dhamana yake. Kila mwenye duka Tabora amelelewa hivyo: kilichouzwa muda mrefu ndicho kitakachouzwa muda mrefu zaidi.

Kwa mashine hii, uzee ni ugonjwa.

Baiskeli ya Baba haikuwa na adui ndani ya kiwanda kilichoitengeneza. Mashine hii anaye. Siku inapowekwa dukani kwa mara ya kwanza, watu wakipanga mstari kuinunua, katika kiwanda hichohicho kuna chumba kingine ambamo wengine wameshakaa mezani kuitengeneza itakayoiua. Mwanzoni inauzwa ghali kwa wenye haraka ya kujionyesha. Halafu inashuka, inaingia kila nyumba yenye televisheni, na hapo ndipo huvuma. Halafu wanaanza kukupa michezo ya bure juu yake. Mwenye macho hapo huondoka. Ikiwa imependwa sana, inaweza kujikokota miaka minne, mitano, na kidogo zaidi, lakini mwisho wake inauzwa kama mchinjaji anavyouza nyama iliyobaki jioni: kwa tabasamu, na kwa haraka. Wewe umefikiwa na tabasamu hilo, Nassoro. Umeitwa bucha jua linazama.

Usidhani nimeyaokota vitabuni. Vitabu nimevisoma, vya wenye viwanda na vya wanaowalaani wenye viwanda, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kama ghala la Bwana Seif, tajiri wangu. Unajua kwamba ni mzaliwa wa Unguja na ndiye anayemtuma Hilali kila anakokwenda. Nitakusimulia mambo mawili niliyoyaona.

La kwanza ni la mzee mmoja wa Mombasa. Alikuja na masanduku yake ya mashine hizihizi, akayapanga mbele ya duka letu, akayakalia. Kwao televisheni ipo miaka mingi, sio kama sisi bara ambao hata kituo hatuna na hiyo televisheni yako imeletwa ili ionyeshe mashine tu. Alizinunua mwaka uliopita akitaka kufungua ukumbi, kama wewe. Seif aliagiza asifunguliwe mlango. Nilimpelekea maji.

"Zimeharibika?" nikamuuliza.

"Hazina kosa, mwalimu. Ukizitia umeme zawaka."

"Basi tatizo ni nini?"

"Hazina mchezo mpya. Watoto walicheza ule ule hata wakawa wacheza wamefumba macho, kisha wakanambia, babu, wewe huna jipya? Naandika barua kiwandani, hawajibu. Kishikio kimevunjika, natafuta kingine, wanambia hicho hakifanywi tena. Sasa nimeketi na masanduku yaliyo mazima na ukumbi hauna mtu."

"Na ukumbi wenyewe ni wako?"

Akanitazama. "Ulikuwa."

Alikaa pale mpaka adhuhuri, kisha akamwita mtu wa mkokoteni. Masanduku aliyaacha. Seif alituamuru tuyaingize ndani, tufute alama za Mombasa, tuyachanganye na mengine. Nassoro, niliyabeba kwa mikono yangu na najua yamepangwa upande gani wa ghala. Upande huo ndio uliopakiwa melini wiki hii, kwa jina lako.

La pili. Alikuja mjumbe wa kiwanda na begi jeusi, akatoa mashine mpya na kuiweka mezani. Ndogo kuliko hii, nyororo, na picha yake ukiitazama unajua kwamba ile nyingine ilikuwa ya kubabaisha. Walipokwenda kula nilibaki nayo. Nikachukua katriji ya mashine ya zamani, yaani kile kisanduku cha plastiki kinachobeba mchezo, nikajaribu kukichomeka. Hakikuingia. Nikakigeuza, hakikuingia. Mdomo wa mashine mpya umebanwa makusudi, kadiri ya unene wa ukucha, ili kila ulichokuwa nacho kiwe takataka. Seif akanikuta nimeinama.

"Usinivunjie, maalim! Hiyo haikufanyiwa humo."

"Na watu walionunua michezo ya zamani?"

"Watanunua mipya."

"Na wasioweza?"

"Hao ndio wateja wa Hilali," akasema, wala hakushusha sauti.

Nikamuuliza hii mpya ataiweka dukani lini. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto: "Ghala likiwa jeupe. Nikiitoa leo, hizi zote nitazilalia. Kwanza zende."

Zende wapi? Zende Gongoni. Mpya imeshafika, imekaa kwenye kabati, imefungiwa, inangoja wewe utie sahihi. Siku Hilali atakapopokea ufunguo wa nyumba yetu, ndiyo siku Seif atakapofungua kabati.

Najua utakachonijibu, kwa sababu tumelala chumba kimoja miaka yote ya utoto. Utasema, Tabora ni mbali, nani atajua kuna mpya? Ndugu yangu, babu yetu alisema hivyohivyo. Baba hakupenda kuisimulia habari hii, lakini mimi alinisimulia. Babu alitoka pwani na msafara, amebeba mizigo ya shanga nyeupe, kwa sababu mwaka uliotangulia Ujiji yote ilikuwa inalia nyeupe. Wapagazi wakatembea miezi. Walipofika Unyanyembe, hapo Tabora, wafanyabiashara waliokuwa wakirudi kutoka ziwani wakawaambia, nyeupe wameziacha, sasa wanataka za bluu, nyeupe hata kuku hupewi. Hakuna aliyejua nani alianza, mke wa mtemi gani alivaa bluu kwanza. Njia ilikuwa ya miguu, haina simu wala gazeti, na bado habari ilimfika babu kabla yeye hajafika. Ndiyo sababu sisi ni watu wa Tabora: hakuweza kwenda mbele wala kurudi pwani kwa aliowakopa. Nawe unaniambia kwamba leo, kwa treni na ndege na kila mtu mwenye shangazi Muskati, mpya haitafika? Itafika na mtoto wa jirani anayerudi likizo, ndani ya begi lake, na siku hiyo ukumbi wako utakuwa mtupu kabla hujazima jenereta.

Hata isipofika, hesabu mwenyewe dizeli. Mnaipata wapi? Hesabu kishikio. Hicho ndicho kitu cha kwanza kuvunjika, na huku dukani kwa Seif dawati la fundi wa mashine hizi limeshaondolewa, spea hazishushwi tena. Wakulima wa Urambo wana mikono iliyozoea jembe. Watakisokota kishikio hicho mpaka kikatike msimu haujaisha. Halafu?

Na kuna jambo ambalo Hilali hakukuambia. Masanduku yameandikwa kuwa vifaa vya shule. Mwaka huu, Nassoro! Mwaka huu ambao, kwa habari zinazotufikia, watu wanatupa sabuni na vitenge mitaroni usiku ili msako wa walanguzi usiwakute navyo! Wakifungua sanduku moja pale stesheni na kukuta michezo, Hilali atakuwa Dubai na jina kwenye sanduku ni lako. Mlanguzi ni wewe. Gazeti litakuandika wewe, nami najua jinsi gazeti linavyoandika, kwa sababu nimegombana nalo.

Unajua sikuondoka Tabora nikiwa mpole. Pale tawi la chama nilisimama nikawaambia wakubwa kwamba kujitegemea hakuimbwi huku mtu ana kibali cha kununua kitambaa dirisha la nyuma. Mkutano ukavunjika, na baada ya hapo hakuna shule iliyotaka kunipa darasa. Sijutii neno hata moja. Lakini nikija huku nilidhani angalau soko linasema kweli, kwamba kitu kizuri hununuliwa na kibaya huachwa. Uongo! Huku kitu kizima huuawa kwa tarehe, na mzoga wake hutafutiwa mtu wa kuununua. Kule kwetu rafu tupu hututia aibu, na aibu hiyo ndiyo wanayoifanyia biashara. Wanajua mwenye duka asiye na kitu atakubali chochote kinachowaka taa. Sikulaumu kwa kutaka kujaza rafu. Nawalaumu wao kwa kujua njaa yako kuliko unavyoijua mwenyewe, na nakulaumu wewe kwa kutaka kuishibisha kwa nyumba ya dada yako.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatano. Seif aliniita ofisini. Hilali alikuwa amekaa, koti mkononi, tiketi ya ndege mezani.

"Nduguyo asema angoja neno lako," Seif akasema. "Mpigie simu posta ya Tabora, umwambie mali ni nzuri. Maneno mawili tu."

"Mali si nzuri."

Hilali akacheka. "Kaka Salum, nani kasema ni nzuri? Tunasema inauzika."

"Unamwuzia Nassoro. Mmekunywa uji bakuli moja."

"Ndiyo maana namwuzia yeye. Mgeni angeniuliza maswali."

Nilimgeukia Seif. Nikamuuliza nyumba ya Tabora ya nini kwake, yeye mwenye majengo pwani nzima. Akanijibu bila hasira: "Mashine zafa, maalim. Nyumba karibu na stesheni haifi. Mimi nataka kisichokufa. Kuna ubaya?" Itaandikwa jina la Hilali, kwa kuwa Seif mwenyewe si raia wa huko. Kisha akafungua saraka ya meza yake, akanionyesha pasipoti yangu na kibali changu cha kukaa, akaifunga tena. "Kwenu walikufukuza kwa mdomo huu huu," akasema. "Hapa pia wataka wakufukuze?"

Nikamwambia anipe muda mpaka Jumamosi. Kesho ni Jumamosi. Sitapiga simu. Ikiwa utapigiwa na mtu akakuambia mimi nimekubali, muulize Baba alimwambia nini yule mchuuzi wa taa. Hilali hakuwepo siku ile.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo hutalipenda. Sikuachii wewe uamuzi. Nyumba ile haijagawanywa. Ni yangu, yako na ya Zuena, na bila sisi watatu haiwezi kutoka. Nimeandika tamko kwamba fungu langu sitoi, siuzi, sibadilishani, wala sikupi wewe wala Hilali uwakili wa kunisemea. Wamelishuhudia watu wawili wa Tabora walioko hapa, wote unawafahamu kwa sura. Limekwenda kwa Zuena kwa mkono wa mwingine, siyo pamoja na barua hii, alipeleke mahakama ya mwanzo yeye mwenyewe. Nimemwambia asikuonyeshe mpaka lipokelewe. Naam, nimekuzunguka. Nimefanya kwa ndugu yangu kile nilichowatukana wakubwa wa tawi kwa kukifanya: kukata shauri nyuma ya mlango. Nilifikiri sana, nikaona nyumba ikienda, hoja zangu nzuri hazitamfunika Zuena mvua ikinyesha.

Utakasirika. Kasirika ukiwa barazani kwenu, ufunguo kiunoni. Ukitaka kunikatia barua, kata. Hilo naweza kuishi nalo.

Ninachokiogopa zaidi ni kwamba nimechelewa. Hilali aliruka Alhamisi asubuhi. Barua hii itapita Dar es Salaam, itangoja treni, na treni zenu mnazijua. Yeye ana siku mbele yangu, ana zawadi ya saa kwa ajili yako na kanga mbili za Zuena, nilimwona akizinunua. Kama ameshafika, na umeshatia sahihi yako, usiseme yamekwisha. Sahihi moja kati ya tatu haihamishi nyumba. Mrudishie saa yake. Shehena ikishuka bandarini, ikatae kwa maandishi, mapema, kabla haijakaguliwa likakutwa jina lako.

Nisalimie dada yangu Zuena, mwambie asimwachie mtu yeyote chumba cha mbele, hata kwa wiki moja. Msalimie shangazi yetu wa Ng'ambo anayetuombea bila kutuuliza dini zetu zimefikia wapi. Msalimie shemeji yako, mume wa marehemu dada yetu mkubwa, na umwambie dawa ya macho nimeipata, nitaituma nikijua nitakuwa wapi. Msalimie mwalimu mkuu, umwambie avae kofia yake, hakuna aibu. Na leo hii, kabla hujakunja karatasi hii, vuka barabara umsalimie jirani yetu fundi baiskeli. Ana nyumba yake mwenyewe, ameizungushia ukuta, na hana ndugu Dubai wa kumwandikia. Mashine zile hazitarudi huku. Zimeshapakiwa, na Seif anataka ghala jeupe. Hilali akitoka mlangoni kwako mikono mitupu, mlango unaofuata ni wa huyo.

Mimi ndugu yako mkubwa, niliyekuzuia,

Salum